Kidonge cha mfukoni: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu dawa za hofu ya kutoka nje

Mtu asiyeweza kupanda daladala iliyojaa, kukaa foleni benki wala kupita sokoni, kwa kuhofia kwamba moyo utaanza kwenda mbio na hatapata pa kutokea, huwa ameshashauriwa na wengi kabla hajafika kwa daktari. Mmoja kamwambia ni jini, mwingine kamwambia ajikaze, wa tatu kamnong'oneza jina la kidonge cha kununua. Hali yenyewe si ngeni kwa madaktari: Carl Westphal wa Berlin aliieleza tangu 1871, akiandika habari za wagonjwa walioshindwa kuvuka viwanja vya wazi mjini. Dawa zake ndizo za juzi, na maneno yanayozunguka dawa hizo ni mengi kuliko dawa zenyewe.

"Dawa zote za wasiwasi ni za usingizi."

Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Makundi makuu ni mawili na hayafanani. La kwanza ni la diazepamu, iliyoingia sokoni 1963 kwa jina la Valium, pamoja na ndugu zake alprazolamu na lorazepamu. Hizi hutuliza upesi, mara nyingi ndani ya saa moja, na kweli huleta usingizi. La pili ni la sertralini, fluoksetini, esitalopramu na wenzao. Zilitengenezwa kwa ajili ya sonona, kisha zikaonekana kupunguza pia mashambulizi ya ghafla ya hofu. Humezwa kila siku, hofu ije isije, na huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona tofauti. Anayezimeza siku mbili akasema "hazifanyi kazi" hajazijaribu bado. Siku hizi madaktari huanza na kundi hili la pili.

"Nikimeza, hofu imekwisha."

Mwaka 1993 daktari wa magonjwa ya akili Isaac Marks na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika London na Toronto kwa wagonjwa 154 wenye hofu hii hii ya kutoka. Wengine walipewa alprazolamu, wengine kidonge kisicho na dawa. Juu ya vidonge hivyo, wengine wakafundishwa kuziendea hatua kwa hatua sehemu wanazoziogopa, wengine wakafundishwa kulegeza mwili tu. Alprazolamu ilisaidia ilipokuwa ikitumika. Ilipoondolewa, nafuu yake ikaondoka nayo. Waliojizoesha kutoka ndio waliobaki na walichokipata, na waliochanganya mazoezi na alprazolamu hawakudumu na nafuu yao kama waliofanya mazoezi bila dawa hiyo.

Sababu yake inaeleweka ukiifikiria. Hofu hupungua mwili unapojionea: nimeingia kwenye umati, moyo umedunda, jasho limenitoka, dakika zimepita, na sikufa. Aliyetulizwa na diazepamu hajionei hayo. Akirudi nyumbani salama, sifa anakipa kidonge.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalisemi hata kwa daktari: kidonge cha mfukoni. Mtu hakimezi, anakibeba tu kimefungwa kwenye karatasi, na siku akikisahau anarudia njiani. Simlaumu, maana bila hicho huenda asingevuka hata kizingiti. Lakini hapo hofu haijaondoka, imehamia kwenye kidonge, na daktari anapaswa kuambiwa.

"Dawa ya kupunguza hofu haiwezi kuiongeza."

Inaweza, kwa njia tatu. Kwanza, dawa za kundi la pili huweza kumfanya mtu awe na wahaka zaidi katika siku za mwanzo. Ndiyo maana daktari mzoefu huanza na dozi ndogo kisha akaipandisha. Mgonjwa asiyeambiwa hili huziacha wiki ya kwanza na kujifungia ndani zaidi. Pili, diazepamu na jamii yake zikikatwa ghafla, wasiwasi hurudi kwa kishindo. Tatu, na hili ndilo linalowashangaza watu, Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizo mjini Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994, aliandika kwamba baadhi ya waliozitumia kwa miaka walipata mashambulizi ya hofu na woga wa kutoka kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wanazimeza.

Ukisoma haya usizitupe zako chooni leo. Kuziacha kwa mkupuo baada ya matumizi marefu kunaweza kuleta degedege. Hupunguzwa taratibu, wiki hadi miezi, chini ya uangalizi.

"Utakuwa zezeta, na hutaziacha maisha."

Hofu ya kuambiwa "huyo anameza dawa za Mirembe", yaani za hospitali ya wagonjwa wa akili, imewafungia watu ndani kuliko ugonjwa wenyewe. Uraibu ni hatari ya kweli kwa kundi la diazepamu, hasa zikitumika zaidi ya wiki chache. Sertralini na wenzake hazileti ile tamaa ya kuongeza dozi, ingawa nazo ukizikata ghafla utapata kizunguzungu na kichefuchefu. Kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa pia hutokea, na wengi huona haya kulisema, wakaacha dawa kimyakimya.

Propranololi, ile ya kutuliza mapigo ya moyo, humsaidia mtu anayetetemeka kabla ya kuhutubia. Kwa hofu ya kutoka ushahidi wake ni hafifu, na mwenye pumu asiiguse. Bia za kujipa moyo kabla ya harusi juu ya diazepamu ni balaa: vyote viwili hupunguza nguvu ya kupumua. Kahawa nyingi na mirungi, navyo, huufanya moyo uende mbio vilevile kama hofu inavyoufanya.

Dawa ya kila siku ikishaleta nafuu, kawaida huendelezwa kwa miezi 6 au zaidi kabla ya kupunguzwa. Miezi hiyo ndiyo ya kutoka: leo hadi dukani, wiki ijayo hadi kituoni, kisha kupanda daladala na kushuka kituo cha pili. Na unapokwenda kliniki, mwambie daktari umefika wapi, si umetulia kiasi gani tu.