Kuigeuza MP3 kuwa 320 hakurudishi sauti iliyokatwa

Anayejaziwa nyimbo kwenye flashi Arusha mjini mara nyingi husisitiza "zote ziwe 320", akiamini namba kubwa ndiyo sauti safi. Si lazima. Hizo ni kilobiti zinazotumika kwa kila sekunde ya wimbo, na programu za bure kibao hugeuza faili la 128 likasomeka 320. Wimbo wa dakika 4 utatoka MB 4 hivi hadi karibu 10. Kilichoongezeka ni nafasi tu.

CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. Ili kushuka hadi 128, MP3 hutupa sauti ambazo sikio linadhaniwa halitazigundua, na mara nyingi hukata kila sauti nyembamba iliyo juu ya kilohezi 16 (mitetemo 16,000 kwa sekunde). Kilichotupwa hakirudi. Tena kugeuza upya huongeza hasara, maana faili linabanwa mara ya pili. Matoazi ndiyo huharibika kwanza, yakaanza kuchuruzika kama maji.

Kubaini ni rahisi: fungua wimbo kwenye Audacity (programu ya bure ya kuhariri sauti), bonyeza jina la traki, chagua spektrogramu (picha ya sauti, nzito chini na nyembamba juu), kisha panua kipimo hadi hezi 20,000. Rangi zikikatika ghafla karibu na 16,000, hiyo "320" ni ya kuungaunga. (Rekodi za kanda za zamani zisihukumiwe hivyo, huko juu hazikuwa na kitu tangu mwanzo.)

CD bado unayo? Anza nayo upya: toa FLAC (faili linalobanwa bila kutupa sauti), uitunze, na MP3 ya gari itoke humo. Flashi iwe imefomatiwa kwa FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili), la sivyo redio nyingi za gari hugoma kuisoma.