Eneo la wazi lisiwe mabaki ya kiwanja

Michoro mingi ya majengo mapya ya Dar es Salaam imepakwa kijani pembeni. Jengo liko katikati, maegesho yamelizunguka, na vipande vilivyobaki kando ya ukuta, upana wa mita moja au moja na nusu, vimeandikwa "bustani". Hesabu ya asilimia inatimia na kibali kinatoka. Baada ya kiangazi cha pili vipande hivyo ni vumbi tupu au vimemwagiwa zege, na masika ikianza maji yote ya kiwanja yanatokea getini kumfuata jirani wa chini.

Ninachoshikilia mimi, kama msanifu wa mandhari, ni kwamba sehemu isiyojengwa ina kazi sawa na nguzo ya jengo, na kazi hiyo hupangwa kabla ya msingi kuchimbwa. Inapokea mvua, inabeba mizizi ya miti, inawapa watu mahali pa kukaa na watoto pa kuchezea. Anayeiacha hadi jengo likamilike atakuwa amebaki na udongo uliokufa na fedha zilizokwisha.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 na kanuni za viwango vya nafasi za mwaka 2018 ndizo zinazoamua jengo lifunike kiasi gani cha kiwanja, liwe mbali kiasi gani na mpaka, na mtaa mpya utenge ardhi kiasi gani kwa maeneo ya wazi. Viwango hutofautiana kwa ukubwa wa kiwanja na matumizi yake, kwa hiyo nenda kwa afisa mipango miji wa halmashauri yako kabla ya kumlipa mchoraji. Kuna pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa au bahari. Waendelezaji wengi huichukua mita 60 hiyo na kuihesabu kama uwanja wa michezo wa mradi. Naipinga tabia hiyo. Ukanda wa mto upandwe na uachwe upumue. Watoto wapewe eneo lisilofurika.

Lakini kanuni hupima mita za mraba. Hazipimi kama maji yanaingia ardhini wala kama kuna udongo wa kuotesha kitu. Hiyo ni kazi yetu.

Anza na hesabu ya mvua

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua kiwanja cha mita za mraba 2,000: paa mita 800, pevingi mita 700, bustani mita 500. Ikinyesha milimita 50 kwa saa moja, jambo lisilo geni wakati wa masika, kiwanja kimepokea lita 100,000. Paa hutiririsha karibu asilimia 90 ya maji yake, yaani lita 36,000. Pevingi iliyojazwa saruji kwenye maungio hutoa asilimia 80 hivi, lita 28,000. Bustani yenye nyasi kwenye udongo wa kichanga hutoa kama asilimia 20, lita 5,000. Jumla ni lita 69,000. Kiwanja hichohicho kikiwa na nyasi kabla ya ujenzi kilitoa lita 20,000 tu. Tofauti ya lita 49,000, karibu matenki kumi ya lita 5,000, umeitengeneza wewe kwa kujenga, na inapaswa kubaki ndani ya ukuta wako.

Sasa igawie nafasi. Tenga mita za mraba 200 kati ya zile 500 ziwe bustani iliyozama, sentimita 15 chini ya pevingi. Hapo juu panakaa lita 30,000. Chini ya udongo wa kupandia weka tabaka la kokoto la sentimita 30. Nafasi kati ya kokoto ni kama theluthi ya ujazo wake, kwa hiyo zinapokea lita 20,000 nyingine. Hesabu imefungwa bila hata kuingiza maji yatakayozama wakati mvua ikiendelea. Weka pia njia ya ziada, bomba au mfereji wenye mdomo sawa na uso wa pevingi, uendao kwenye mtaro wa barabara, kwa sababu siku ya mvua kubwa kuliko makadirio itafika.

Kabla ya kuamini hesabu hiyo, jaribu ardhi. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 60, mahali penyewe bustani itakapokaa. Lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, kisha pima kwa rula maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Kwenye kichanga cha Kigamboni au Mbezi karibu na bahari yatashuka haraka. Kwenye mfinyanzi wa bonde la Msimbazi huenda yasishuke hata sentimita moja na nusu. Hapo bustani iliyozama inahitaji bomba lenye matundu chini ya kokoto, la sivyo umejenga bwawa la mbu. Maji yakikaa zaidi ya saa 48 juu ya ardhi, kitu kimekosewa. Masaki na Oysterbay kuna jambo jingine: sururu inagonga mwamba wa matumbawe mapema sana, na kina ulichochora hukipati bila mashine.

Kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni kimo. Fundi huinua kingo za bustani sentimita 15 juu ya pevingi na kuijaza udongo hadi juu ili ipendeze. Maji ya maegesho yanapita kando ya bustani bila kuingia hata tone, na udongo wa bustani unamwagika kwenye pevingi na kuziba mifereji. Geuza: uso wa bustani uwe chini ya pevingi, kingo ziachwe wazi sentimita 30 hadi 45 kila baada ya mita tatu, na pale maji yanapoingilia pawekwe mawe yasiyopungua ukubwa wa ngumi ili maji yasichimbe ardhi. Ukutani mwa jengo ardhi ishuke kuelekea nje, sentimita 2 kwa kila mita, kwa mita tatu za kwanza, na ibaki sentimita 15 chini ya sakafu. Usiweke bustani iliyozama karibu na msingi, wala karibu na karo la maji taka.

Udongo unaouawa wakati wa ujenzi

Sentimita 15 hadi 20 za juu za ardhi ndizo zenye uhai. Eskaveta ikifika, kazi yake ya kwanza iwe kuzikwangua na kuzirundika pembeni, rundo lisizidi mita mbili kwenda juu, lifunikwe lisisombwe na mvua. Mara nyingi linalofanyika ni kinyume: udongo huo unachanganywa na wa msingi na kubebwa na malori, halafu mwishoni mwenye mradi ananunua "udongo mweusi" ambao haujulikani ulikotoka na umejaa mbegu za magugu.

Halafu kuna mahali zege lilipochanganyiwa na vyombo kuoshwa. Saruji hupandisha ualikali wa udongo kiasi kwamba majani ya mimea hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani, kwa kuwa mizizi inashindwa kuchukua chuma. Mbolea haisaidii, udongo huo lazima uondolewe. Tenga sehemu moja ya kuoshea, ambayo baadaye itakuwa chini ya pevingi. Mwisho wa ujenzi ondoa kifusi badala ya kukifukia, tifua sentimita 30 hadi 40 kwa sababu malori yameshindilia kila kitu, changanya tabaka la sentimita 5 la mboji au samadi iliyooza, kisha rudisha udongo wako wa juu.

Ukoka au nyasi za Pemba? Kwa eneo la kuchezea lenye jua, ukoka, unavumilia kukanyagwa. Nyasi za Pemba huvumilia kivuli kidogo lakini hazipendi miguu mingi. Vyovyote iwavyo, kiangazi nyasi zitahitaji lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Mita 500 za nyasi humaliza tenki la lita 5,000 kwa siku mbili. Mwendelezaji akiiona hesabu hii mapema hupunguza nyasi na kuongeza miti na vichaka, na hilo ni jema. Maji ya kisima karibu na bahari yapimwe chumvi kwanza, maana bustani nyingi za pwani huungua kwa kumwagiliwa.

Miti

Mti uliopo una thamani kuliko kumi ya kwenye mifuko. Ukitaka ubaki, pima kipenyo cha shina kwenye kimo cha kifua, zidisha kwa 12. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya duara la kuzungushia uzio. Mwembe wenye shina la sentimita 50 unahitaji mita 6 kila upande. Ndani ya duara hilo hakuna kuchimba, kuegesha, kurundika tofali wala kuongeza udongo. Mti uliojeruhiwa mizizi hufa polepole, pengine miaka mitatu baada ya mkandarasi kuondoka, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili.

Miti mipya hukosewa kwenye shimo. Shimo la mita moja kila upande lina mita moja ya ujazo. Mti wenye kivuli cha upana wa mita 6 unahitaji kama 15 hadi 17. Kwenye maegesho chimba mtaro mmoja mrefu kati ya safu za magari, upana mita 2, kina sentimita 80 hadi mita moja, miti ishirikiane udongo. Mwarobaini unafaa hapo. Mkungu una kivuli kizuri mno, ila majani yake makubwa huziba mifereji na popo hufuata matunda, basi uwekwe uwanjani. Mkrismasi una mizizi ya juujuu inayonyanyua pevingi na matawi yanayovunjika kwa upepo. Upe mita 6 au zaidi kutoka kitu chochote kigumu. Mnazi usikae juu ya njia wala magari. Mwashoki ni pazia zuri kando ya uzio lakini usiuhesabu kama kivuli. Mkwaju kwa mwenye subira. Panda masika inapoanza, shingo ya mzizi, pale shina linapokutana na mizizi, iwe sawa na uso wa ardhi, na mwaka wa kwanza mwagilia lita 20 hadi 40 mara mbili kwa wiki mvua isiponyesha.

Bustani ikiwa juu ya zege la maegesho ya chini, mhandisi aambiwe tangu mwanzo: sentimita 60 za udongo uliolowa ni zaidi ya tani moja kwa kila mita ya mraba.

Kwenye mradi wa viwanja vingi hatari kubwa ni uvamizi. Eneo la wazi lililo nyuma ya nyumba, bila njia, bila bikoni (alama za mpaka), litauzwa na mtu. Mnazi Mmoja, palipoachwa enzi za ukoloni kutenganisha Kariakoo na Uhindini kwa ubaguzi, leo ni uwanja wa wote, na barabara pande zake zimesaidia kuulinda. Basi nyumba zitazame eneo la wazi, barabara ipite angalau pande mbili, lipimwe na kuwekewa bikoni pamoja na viwanja vingine, lipewe namba na matumizi yake yaandikwe, serikali ya mtaa ipewe nakala ya ramani. Kwenye ghorofa za kuuza, sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya mwaka 2008 inaifanya bustani kuwa mali ya pamoja ya wanunuzi, kwa hiyo gharama ya maji na mtunzaji iandikwe kwenye ada ya kila mwezi kabla nyumba ya kwanza haijauzwa.

Mkataba wa mandhari uwe tofauti na wa ujenzi, na uwe na uangalizi wa miezi 12 ili upite masika, vuli na kiangazi. Zuia asilimia 10 ya malipo hadi mwisho wake. Siku ya makabidhiano hesabu miti iliyo hai, chimba mahali patatu uone kina cha udongo, na mwaga maji kwenye pevingi kuona kama yanaingia bustanini.