Kwa nini lori la magogo hurudi msituni likiwa limebeba tela lake mgongoni?

Ukitazama video za malori ya magogo ya majimbo ya Oregon na Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani, utaona jambo ambalo dereva wa Mafinga, Tanzania, hajalizoea. Lori likishashusha mzigo kiwandani, haliondoki likiburuta tela tupu. Tela zima linapandishwa mgongoni, magurudumu yake yakiwa hewani, na bomba refu la chuma likichomoza juu ya kibanda cha dereva. Je, wajua kwa nini?

Jibu linaanzia kwenye tela lenyewe. Halina bodi, halina sakafu, wala chesisi, yaani fremu ya chuma, ya kupita urefu wote wa mzigo. Ni ekseli mbili, boriti ya chuma iliyokingama juu yake yenye nguzo huku na huku, na lile bomba la kuliunganisha na kichwa, yaani lori lenyewe la mbele lenye injini. Kichwa nacho kina boriti ya namna hiyo hiyo juu ya ekseli zake za nyuma. Magogo hulazwa ncha moja mbele, nyingine nyuma, na katikati hakuna kitu kinachoyabeba. Mzigo wenyewe ndio unaogeuka kuwa chesisi. Kule magogo ya mita 12 ni ya kawaida, na gogo la unene ule lina nguvu za kujibeba, hivyo hakuna haja ya kusafirisha tani za chuma kwa ajili ya kulishikilia.

Kwenye kona ndipo ufundi unapoonekana. Gogo halipindi, kwa hiyo boriti zote mbili huzunguka kwenye pini zake. Bomba nalo limeshikwa nyuma ya ekseli za kichwa, si chini ya boriti, na gari linapokata kona umbali kutoka hapo hadi kwenye tela hubadilika. Ndiyo maana bomba limeachiwa liteleze, lirefuke na kufupika, huku magogo yakibaki yametulia mahali pake.

Sasa shusha magogo. Ile chesisi imeondoka, na kinachobaki nyuma ni tela jepesi lenye bomba refu, linalorukaruka kwenye mashimo na kula tairi bure. Barabara za msituni ni za kokoto, zenye miinuko mikali, na mvua ikinyesha kichwa kitupu huteleza kwa kukosa uzito kwenye tairi za difu, zile zinazosukuma gari. Tela likikaa mgongoni, uzito wake unaangukia hapo hapo panapouhitaji. Isitoshe, eneo la kupakilia mara nyingi ni kipande kidogo kilichochongwa ubavuni mwa mlima, na gari fupi ndilo linaloweza kugeuka pale. Likishageuka, mashine ya kupakia hulinyanyua tela na kulishusha nyuma ya lori. Dereva analielekeza kwa mikono, anaunganisha bomba, mipira ya upepo wa breki na waya wa taa, kisha anaweka urefu wa bomba kulingana na magogo yanayosubiri.

Mbao na matela vina udugu wa zamani. Mwaka 1914 mfanyabiashara wa mbao wa Detroit, Frederic Sibley, alimwomba mhunzi August Fruehauf amtengenezee tela la kubebea mashua nyuma ya gari lake la Ford. Lilimpendeza, akaagiza mengine kwa ajili ya mbao zake, na yule mhunzi akawa mtengenezaji mkubwa wa matela Marekani. Hata malori ya Peterbilt yalizaliwa mwaka 1939 baada ya T. A. Peterman, mtu wa mbao wa Tacoma, kununua kiwanda cha malori kwa sababu alihitaji magari ya kutoa magogo msituni.

Kwa nini basi hatuoni matela ya namna hiyo Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa Tanzania? Sababu kubwa ni urefu. Magogo ya misindano ya Mufindi, wilaya lilipo shamba hilo, yanayokwenda kupasuliwa mbao hukatwa mafupi, ya mita chache, na gogo fupi haliwezi kuvuka kutoka kichwani hadi kwenye tela. Lazima pawepo chesisi. Semi, yaani tela lenye chesisi ambalo mbele yake hukaa juu ya kichwa, yenye nguzo za chuma pembeni ndiyo inayofaa, na magogo hupangwa kwa mafungu, kila fungu likishikwa na jozi zisizopungua mbili za nguzo.

Hapo anayenunua tela huvutiwa na ukubwa, na mimi nadhani anakosea. Msindano uliokatwa juzi umejaa maji. Meta moja ya ujazo inaweza kukaribia tani nzima, wakati mbao zake zikikauka huwa karibu nusu ya hapo. Sheria ya mizani ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 18 kwenye ekseli mbili za difu na 24 kwenye ekseli tatu za semi zenye tairi mbilimbili. Jumla tani 50, na hapo umeshahesabu kichwa na tela. Gari linaweza kuonekana halijajaa na mizani ikasema limezidi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe: tela hili likiwa tupu lina tani ngapi? Kila tani ya chuma isiyo ya lazima inakunyima takriban meta moja ya ujazo ya magogo mabichi kila safari. Baada ya hapo inama utazame shina la kila nguzo, pale ilipochomelewa kwenye chesisi, maana ufa huanzia hapo. Ukuta wa mbele nao uwe juu kuliko mzigo utakaoupakia, kwa kuwa breki zikishikwa ghafla gogo huteleza kuelekea kwenye kibanda, aliko dereva na utingo wake.