Dawa ipo na inafanya kazi, kilichobaki ni sisi majirani

Kamwene ndugu zangu wa Njombe, na habari zenu wengine wote popote mlipo. Leo nataka tuongee VVU lakini sio ile habari ya "jikinge, vaa kondomu" tuliyoisikia toka tuko shule ya msingi (bado ni ya kweli, na kondomu ziko bure zahanati, chukueni). Nataka tuongee kuhusu sisi tunaoishi na watu wenye VVU, yani majirani, mawifi, mashemeji, mabosi, walimu, wazee wa kanisa. Kazi yangu ni ushauri nasaha na elimu ya afya, nashinda CTC, yani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, na ninachokiona kila siku ni kwamba kidonge kinafanya kazi yake vizuri tu, anayekikwamisha ni binadamu wa pembeni.

Namba chache kwanza. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022-2023 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, ni watu zaidi ya milioni 1.5. Mkoa wetu ndo unaongoza, asilimia 12.7, wakati Kigoma ni 1.7. Hiyo 12.7 watu wameigeuza kuwa tusi, kijana wa Njombe akienda kutafuta maisha Dar akitaja kwao tu anaanza kutaniwa, na inauma kweli kwa sababu utani wenyewe ndo unawafanya watu wa huku waogope zaidi kupima.

Lakini utafiti huohuo una namba zingine ambazo sijawahi kuona mtu anazirusha kwenye magrupu. Nchi nzima, kati ya watu wazima wenye VVU asilimia 82.7 wanajua hali zao, kati ya hao wanaojua asilimia 97.9 wako kwenye dawa, na kati ya walio kwenye dawa asilimia 94.3 virusi vimefubaa, yani vimebaki vichache kwenye damu. Zisome tena taratibu. Mtu akishajua, karibu wote wanaanza dawa, na akishaanza karibu wote wanafubaza. Tundu kubwa liko pale mwanzo kabisa, watu kama 17 katika kila 100 wenye VVU hawajui kama wanao. Na sio hela, kupima ni bure na ARV, yani dawa za kufubaza VVU, zinatolewa bure toka 2004. Ukikaa na mtu mkaongea vizuri bila haraka, sababu anayotoa ni "sasa nikikutwa nao, watu watanionaje?"

Hofu hiyo siwezi kuibeza, ina historia. Wagonjwa wa kwanza Tanzania waliripotiwa Kagera 1983, wakati huo hakuna dawa, watu wanamuona mtu mzima mwenye nguvu zake anakwisha mpaka anabebwa mgongoni kama mtoto, halafu anafuata mke, halafu mdogo wake. Njombe nasi tulizika sana, kuna nyumba mpaka leo zimelelewa na bibi peke yake. Mtu aliyeshuhudia hayo huwezi kumwambia tu "usiogope". Shida ni kwamba ugonjwa umebadilika na hofu imebaki ileile ya miaka ile. Zamani ilibidi CD4, zile chembe za kinga ya mwili, zishuke ndo upewe dawa, toka 2016 ukipima ukakutwa nao unaanza haraka bila kusubiri uugue. Toka 2019 wengi wanameza TLD, kidonge kimoja kwa siku, basi, sio ule mzigo wa asubuhi na jioni.

Sasa hapa ndo nataka kila mtu asikilize hata kama VVU haikuhusu. Mtu akimeza dawa vizuri, baada ya miezi 6 anapimwa wingi wa virusi kwenye damu. Wakiwa chini ya 1,000 kwa mililita tunasema wamefubaa, wakiwa wachache mno kipimo hakiwaoni kabisa. Na mtu ambaye virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Sio "hatari inapungua kidogo", hamwambukizi. Utafiti wa PARTNER huko Ulaya uliwafuatilia wapenzi ambao mmoja ana VVU kafubaza na mwingine hana, hawatumii kondomu, matokeo yalitoka 2016 na tena 2019, hakukutwa hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake aliyefubaza. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2023 likasema wazi hatari ni sifuri. Tahadhari mbili hapo: dawa hizi hazizuii kaswende wala kisonono wala mimba, na kwa mama anayenyonyesha hatari inakuwa ndogo sana lakini hatusemi imeisha kabisa, ndo maana mtoto naye anapewa dawa ya kinga na anapimwa mapema, akiwa na wiki 6 hivi.

Kwa hiyo yule jirani unayemnong'onea kwa sababu ulimuona anatoka CTC, yule anayemeza dawa na virusi vyake havionekani, hana cha kukuambukiza. Ambaye hajapima na anajiona yuko fiti ndo hajui anachogawa.

Twende kwenye ulanzi, pombe yetu ya mianzi, maana huku kwetu huwezi kuongea jamii ukaacha kilabu. Msimu ukianza watu wanakaa wanazungushiana kikombe, akifika yule ambaye inasemekana "anakula vidonge" kikombe kinamruka, au analetewa cha kwake peke yake, na kila mtu anaelewa kwa nini. Nimeongea na wanaume waliofanyiwa hivyo, mmoja aliniambia bora angetukanwa. Ndugu zangu VVU haipiti kwenye kikombe. Inapita kwenye damu, shahawa, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Mate hayamo. Watu wananiuliza sasa mbona kuna kipimo cha kujipima kwa kupitisha kijiti kwenye fizi? Swali zuri, kile kijiti hakitafuti kirusi, kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza kupambana na kirusi, na hao wanapatikana mdomoni. Ukijipima kikasoma una VVU usikimbilie kulia wala kujiamulia chochote, nenda kituoni wakuthibitishie kwa damu. Kama kuna kitu cha kuangalia pale kilabuni ni kikohozi, mtu akikohoa wiki 2 mpelekeni akapime kifua kikuu, ile ndo inapita kwenye hewa, na inatibika.

Na hao wanywaji wenyewe nao wana kosa lao ambalo linatuumiza kichwa. Mtu anajua leo anaenda kilabu, anaruka dawa, anasema dawa na pombe haviendi pamoja. Sisemi kunywa ni kuzuri, ukilewa unasahau dawa na unasahau kondomu, lakini kama umeshaamua kunywa MEZA DAWA YAKO. Kuruka ndo kunawapa virusi nafasi ya kuzoea dawa. Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyohiyo, kesho endelea muda wako wa kawaida, usimeze viwili kufidia.

Kuna kitu wengi hamkijui, kopo la ARV linalia. Vidonge 30 au 90 ndani ya kopo gumu la plastiki, ukipanda nalo Noah likiwa kwenye pochi, kila shimo linafanya chaka chaka chaka, na aliyekaa pembeni kama anaujua huo mlio ameshakujua. Kwa hiyo dada zetu wakitoka dirisha la dawa wanasimama nyuma ya jengo wanashindilia pamba, au wanamimina vidonge kwenye kimfuko cha nailoni wanafunga kwenye pindo la kitenge, kopo wanalitupa. Kuna mama alikuwa anaficha ndani ya ndoo ya unga wa ugali kwa sababu mume wake hagusi jikoni kamwe, akiugua yeye au akija wifi kupika, siku hiyo hamezi. Hili la kimfuko naombeni muache, ndani ya kopo kuna kijipakiti kinachonyonya unyevu, kinalinda dawa, ukimimina nje inaharibika na huku kwetu na ukungu huu ndo kabisa. Kama mlio unakusumbua weka pamba lakini kopo libaki. Na mwambie mhudumu ukweli, kama hali yako imetulia unaweza kupewa dawa za miezi 3 mpaka 6 ukapunguza safari.

Ila jiulize, mtu wa presha anameza kidonge chake sebuleni wageni wakiwepo na wanamletea maji. Huyu mwingine anachimbia dawa kwenye unga. Hiyo tofauti tumeiweka sisi.

Wengine wanakimbia kituo cha karibu kabisa. Mtu yuko Njombe mjini anachukua dawa Mafinga au Mbeya ili asikutane na anayemfahamu, mwezi wenye hela anaenda, mwezi mgumu au mvua ikiharibu barabara haendi. Na tunao wanandoa ambao kila mmoja ana kituo chake na kila mmoja anamficha mwenzake, wote wanameza, wote wanaogopana, miaka na miaka. Kama uko hivyo njoo uongee na mshauri, tunaweza kuwaita wote mkapima pamoja kama mara ya kwanza na kila mtu akaambiwa mbele ya mwenzake, hatumwagi siri ya mtu.

Vijana waliozaliwa na VVU ndo wananigusa kuliko wote. Hawa wamefika sekondari, wako bweni, hawakukosea chochote (na hata aliyeambukizwa ukubwani sio wa kuhukumiwa, hilo nalo tuliweke wazi). Bweni lina watu 40, dawa analala nayo wapi? Anameza saa ngapi bila kuulizwa? Wengi wanaacha likizo ikiisha, wanarudi kwetu wakiwa hoi. Mwalimu, matroni, patroni, mnachotakiwa kufanya ni kidogo mno: tunza dawa ofisini kwenye kabati linalofungwa, mpe sababu ya kupita kila jioni ambayo haimtofautishi na wenzake wanaopita kwa dawa za pumu au kifafa, na mdomo wako ufunge. Usimtangaze hata kwa walimu wenzako "ili wamsaidie".

Kutangaza hali ya mtu ni kosa la kisheria kwa mhudumu wa afya. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya mgonjwa na inakataza unyanyapaa na ubaguzi, na sheria ya ajira ya 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya VVU. Marekebisho ya 2019 yakaruhusu kijana wa miaka 15 kupima bila ridhaa ya mzazi, na watu kujipima wenyewe.

Viongozi wa dini, nyie mnasikilizwa kuliko sisi, nasema kwa heshima zote. 2011 nchi nzima ilielekea Samunge kule Loliondo kwa kikombe cha Babu cha shilingi 500, dawa ya mitishamba iliyosemekana inaponya hata VVU, na wapo waliorudi wakaweka ARV pembeni wakiamini wamepona, tukawapoteza. Muombeeni mtu, wekeni mikono, hilo ni lenu na linampa nguvu. Ila akisema amepona mwambieni aendelee kumeza mpaka kliniki iseme, na kliniki kwa sasa haina siku ya kukwambia uache.

Mtu akikuambia ana VVU, usilie mbele yake na usiulize "umeipata wapi". Mwambie asante kwa kuniamini, muulize kliniki yake lini, na kama unaweza mshikie mtoto au mchangie nauli siku hiyo. Mwenye mwenzi ambaye bado hajafubaza aulizie PrEP, dawa ya kinga ya kumeza kabla. Aliyebakwa au kondomu kupasuka akiwa na mtu asiyejua hali yake afike kituoni ndani ya masaa 72, mapema zaidi ndo bora, anapewa dawa za siku 28. Vikundi navyo vipo, ulizeni konga, yani umoja wa WAVIU (watu wanaoishi na VVU), kwenye halmashauri yenu, wanaweka na kukopeshana kama vikoba vingine na wanafuatana nyumbani anayekosa kliniki. Hawa WAVIU washauri tuliwategemea sana Januari 2025 pale Marekani iliposimamisha misaada na wahudumu wengi wa miradi wakasimama kazi, mtaani uvumi ukawa dawa zimeisha, wao ndo walizunguka kuwaambia wenzao waje.

Na wewe uliyeacha dawa, iwe miezi 2 au miaka 4, rudi wiki hii. Huhitaji barua wala kuomba msamaha. Kama umepoteza kadi sema umepoteza, kama umehama sema umehama, na hata kituo ulichopo si chako watakupokea. Watakuuliza dawa zingine unazotumia, zitaje zote, hasa vidonge vya kuongeza damu, vya kiungulia na vya TB, maana baadhi vinahitaji kupishanishwa masaa na TLD au kuongezewa dozi. Watakupima TB, watakupa dawa uondoke nazo, na kipimo cha wingi wa virusi kitafuata. Ukikutana na mhudumu anayekugombeza mbele za watu, omba kuonana na msimamizi wa CTC faragha, au piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure.