Kombe la fedha la Kijerumani, ligeuze kwanza

Watu wakiona kombe la kale la fedha kutoka Ujerumani, swali la kwanza huwa ni bei. Mimi nawaambia ligeuzeni kwanza. Pale chini ya kitako, ukiwa na lenzi, unaweza kukuta kamstari kembamba kanaenda zigizaga. Wengi wanadhani ni mkwaruzo wa bahati mbaya, kumbe ndo pale mkaguzi alipokwangua chengachenga za fedha apime kama sonara hajachakachua, na ikifaulu linagongwa muhuri wa mji: Nürnberg herufi N, Augsburg tunda la msonobari. Ukikuta mwezi mwandamo na taji pamoja na namba kama 800 (yaani sehemu 800 kati ya 1000 ni fedha halisi), hilo ni la 1888 kuja huku, maana ndo sheria moja ya mihuri ya fedha kwa Ujerumani nzima ilianza kutumika.

Sasa mji unafanya nini na makombe? Chukua Lüneburg, kaskazini. Ule mji ulitajirika kwa chumvi, na enzi zile chumvi ndo ilikuwa friji ya watu, samaki wa bahari ya Baltiki asingefika mbali bila chumvi. Basi halmashauri ikajaza makabati vyombo vya fedha vilivyopakwa dhahabu, vinatolewa siku ya karamu na mgeni akitupa jicho tu anajua amefika kwa wenye nazo. Alafu ilikuwa ndo akiba yao pia yaani, madeni yakibana vyombo vinauzwa au vinayeyushwa, ndo maana vilivyosalia ni vichache sana.

Na hivyo vichache navyo vikaondoka. Mwaka 1874 mji uliviuzia makumbusho ya Berlin kwa marki 660,000, Lüneburg wakabaki na nakala. Humo kulikuwa na kijisanduku cha 1443 chenye jiwe la kioo, raia mpya alikuwa anaapa juu yake, na hicho kinaniuma kuliko makombe yote, maana ile ilikuwa ahadi ya watu na mji wao.

Kwa hiyo kama unalo nyumbani, tafadhali usilisugue kwa majivu wala dawa ya meno! Ile dhahabu ni utando mwembamba uliopakwa kwa zebaki, ukisugua inaondoka na mihuri inafutika. Niliwahi kuletewa kombe linang'aa kama kioo, chini ya kitako nikakuta nusu ya herufi tu, na hiyo nusu haikutosha kujua limetoka mji gani. Kitambaa laini cha pamba, kikavu, kinatosha.