Mwili wa Mtoto Unavyoumbika: Maswali ya Kliniki ya Wajawazito, Lamu

Mashua za kisiwa cha Pate hupita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakijaa, kwa hiyo siku nyingine akina mama hufika kliniki mapema na siku nyingine karibu na adhuhuri. Wakisubiri kupimwa uzito huniuliza mambo, na mimi muuguzi wao huwajibu. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara, pamoja na mawili ya vijana wa shule.

Mtoto tumboni huanza kichwa au moyo?

Si kichwa wala si moyo. Yai likishakutana na mbegu ndani ya mrija wa uzazi hujigawa huku likisafiri, na baada ya siku sita hivi huanza kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Wiki ya tatu kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika, ni kisahani kidogo kuliko punje ya mchele, chenye matabaka matatu. Tabaka la juu hutoa ngozi ya nje, nywele na kucha, na hilohilo hutoa ubongo na ugwe wa mgongo. La kati hutoa mifupa, misuli, moyo, damu na figo. La chini hutoa utando wa ndani wa matumbo na mapafu, pamoja na ini na kongosho. Ngozi na ubongo basi ni ndugu. Ndiyo sababu kuna maradhi ya kuzaliwa nayo ambapo mtoto mmoja ana mabaka meupe mwilini na kifafa pia.

Mafundi wa majahazi wa Matondoni hulaza kwanza mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ndipo wapachike mataruma, mbavu zake. Mwilini nako hulazwa kijiti laini katikati ya kile kisahani, nacho ndicho kinacholiamuru tabaka la juu litengeneze neva. Tofauti ni kwamba mkuku wa jahazi hubaki, na huu wetu humezwa na pingili za mgongo, ukasalia ute mzito katika visahani vilivyo kati ya pingili. Hamali wa gatini anayeshikwa na kiuno baada ya kunyanyua gunia, ute huo ukasukumwa nje ukabana neva, anaumwa na mabaki ya kitu kilichokuwapo kabla moyo wake haujapiga. Moyo huanza kupiga siku ya 22 hivi.

Kwa nini naambiwa nimeze vidonge vya foliki kabla sijapata mimba?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila msichana wa Lamu alijue jibu lake kabla ya harusi.

Lile tabaka la juu hujikunja kingo zake, kingo zikakutana na kushonana, likawa mrija wa ubongo na ugwe wa mgongo. Mshono huanzia usawa wa shingo, ukaenda juu na chini, na foliki ni vitamini inayousaidia ufunge. Upande wa kichwa hufunga siku ya 25 hivi, wa chini siku ya 28. Usipofunga juu, ubongo hauumbiki na mtoto haishi. Usipofunga chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi miguu haina nguvu na mkojo haushikiki.

Sasa hesabu nami. Siku ya 28 tangu mimba kutunga, mama amekosa hedhi kwa wiki mbili tu. Wengi bado hawajajua. Wengine wanadhani ni uchovu wa jua. Akija kliniki na mimba ya miezi minne nikampa vidonge, vitamfaa kwa damu yake, ila mshono ule ulikwisha kufungwa au kuachwa wazi zamani. Huniuma kila mara kulisema hili kwa mama aliyekwisha kuchelewa, kwa hiyo nalisema sana kwa wale ambao bado.

Kipimo cha kawaida ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Mchicha, kunde, maharagwe na machungwa vina foliki, lakini vyakula peke yake mara nyingi havitoshi. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi unaouzwa kwenye pakiti uongezwe virutubisho, foliki ikiwamo. Unga uliosagiwa mtaani hauna nyongeza hiyo.

Mama aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi huandikiwa na daktari kipimo kikubwa zaidi. Anayetumia dawa za kifafa amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa kuwa dawa iitwayo valproati huongeza hatari hii. Asiache dawa peke yake, maana kifafa nacho huua.

Mjukuu wangu amezaliwa na mdomo uliopasuka. Ni kwa kuwa mama yake alitoka nje mwezi ukipatwa?

Hapana, bibi. Aliyeniuliza alikuwa amempakata mtoto, na mkwewe yuko pembeni amejifunika uso kwa buibui. Nikamwambia bibi apitishe kidole chini ya pua yake mwenyewe, pole pole. Kuna kijifereji na kingo mbili. Akapitisha, akarudia. Nikamwambia: hapo ndipo vipande vya uso wako vilipokutana. Sote tuliumbwa kwa vipande vilivyotoka pande mbili vikaungana katikati, mdomo kati ya wiki ya 4 na ya 7, kaakaa kati ya wiki ya 6 na ya 9. Vya mjukuu wako havikufikiana. Mara nyingi hakuna sababu moja: kuna urithi, kuna sigara, kuna kisukari, kuna baadhi ya dawa. Mwezi haumo, wala kisu alichokishika mama yake. Bibi alinyoosha mkono akaufunua uso wa mkwewe.

Mtoto huyu anyonyeshwe akiwa wima. Akishindwa, mama akamue maziwa, mtoto anyweshwe kwa kikombe au kijiko. Mdomo hushonwa akiwa na miezi mitatu hadi sita hivi, kaakaa kabla ya miezi 18.

Mwanangu mchanga ana mshipa, uvimbe wa korodani. Ameurithi kwa babu yake?

Korodani huanzia tumboni, karibu na figo, zikateremka kupitia kinena hadi kwenye mfuko wake katika miezi ya mwisho ya mimba. Neva zake hufuatana nazo kutoka hukohuko juu, ndiyo maana kijana akipigwa na mpira pale chini huumia tumbo. Zikishuka huvuta kifuko cha utando wa tumbo, na kifuko hicho hutakiwa kuziba. Kisipoziba, maji hushuka, na hayo kwa kawaida hukauka yenyewe katika mwaka wa kwanza au wa pili. Ukishuka utumbo, hiyo ni ngiri, na inataka upasuaji. Uvimbe ukiwa mgumu na mtoto akalia na kutapika, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Busha la babu ni jambo jingine: hapa pwani mara nyingi hutokana na minyoo ya matende inayoletwa na mbu.

Korodani moja isipoonekana, subiri hadi miezi sita. Ikiwa bado, tafuta daktari wa upasuaji, usingoje aanze chuo.

Kwa nini maumivu ya kidole tumbo huanzia kitovuni? (mwanafunzi)

Wiki ya 6 matumbo hurefuka kuliko nafasi iliyopo, yakatoka nje na kuingia ndani ya kitovu, yakazunguka, yakarudi wiki ya 10. Neva za sehemu hiyo ya utumbo, kidole tumbo kikiwamo, huingia mgongoni kwa njia moja na za ngozi ya kitovu, na ubongo hukosa kutofautisha. Baadaye uvimbe ukigusa ukuta wa tumbo, maumivu huhamia chini kulia. Tumbo likikufanyia hivyo usikandwe wala usinywe dawa ya kuharisha. Nenda hospitali.

Na wanaume wana chuchu za nini? (mwanafunzi)

Chuchu huchorwa kabla mwili haujaanza kuwa wa kiume au wa kike, jambo linaloanza wiki ya 7 hivi.

Kitovu kikikatwa, ndani hubaki nini?

Mshipa uliokuwa ukileta damu safi kutoka kondo la nyuma hukauka ukawa kamba hadi kwenye ini, na kamba hiyo unayo hadi leo. Mtu mwenye ini lililoharibika sana huweza kuvimba mishipa kuzunguka kitovu, kwani damu hutafuta njia kwenye vijishipa vinavyoandamana nayo. Moyoni nako kulikuwa na tundu la kuipitisha damu bila kupitia mapafu. Mtoto akivuta pumzi ya kwanza, kifuniko hujibana. Kwa mtu mmoja kati ya wanne hakigandi kabisa, na wengi wao huishi bila kujua.

Kwa nje, paka ile dawa ya kitovu uliyopewa hospitali tu. Masizi, mate na samli viache, kidonda kile bado kina njia ya kuingia ndani.