Je, wajua kwa nini kubonyeza kitufe kunaweza kufundisha takwimu vizuri kuliko ukurasa wa fomula?

Muulize mwanafunzi wa uzamili masafa ya uhakika ya asilimia 95 (namba mbili, zilizokokotolewa kutokana na sampuli, ambazo wastani halisi wa kundi zima hukadiriwa kuwa kati yake) yana maana gani. Wengi watakujibu kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 wastani halisi umo ndani ya masafa waliyoyakokotoa. Sivyo. Hiyo asilimia 95 ni sifa ya njia yenyewe: ukichota sampuli tena na tena, takribani masafa 95 katika kila 100 yatanasa wastani halisi. Lakini mtafiti huchota sampuli moja tu, kwa hiyo huko kurudia hakuoni kamwe, na ubaoni hakuchoreki kirahisi. Kwenye moduli ya kidijitali, yaani somo la kwenye kompyuta, kunaonekana kwa macho.

Tuseme moduli imeunda kundi kubwa ambalo wastani wake ni 50 na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi vipimo vinavyotawanyika kuzunguka wastani) ni 10. Mwanafunzi anachota sampuli ya vipimo 10, anakadiria mkengeuko kutokana na sampuli hiyo, anakokotoa masafa kwa namba 1.96 aliyoizoea kutumia kwa asilimia 95, kisha anaiambia programu irudie mara 1,000. Kila masafa huchorwa kama mstari, na mstari uliokosa 50 huwa mwekundu. Anatarajia mistari myekundu 50 hivi. Inatokea kama 80! Sababu ni kwamba kwa sampuli ndogo kadirio la mkengeuko linayumba sana, na 1.96 haijali kuyumba huko. Akiweka 2.262, namba ya mgawanyo wa t (unaozingatia udogo wa sampuli) wenye digrii huru 9 (vipimo 10 kutoa 1), mistari myekundu inashuka hadi karibu 50. Ndilo tatizo alilolishughulikia William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness, katika makala yake ya mwaka 1908.

Zoezi hili lina sharti moja ambalo waandaaji wengi hulisahau: kitufe kisifunguke mpaka mwanafunzi aandike namba anayoitarajia. Asipotabiri, atatazama mistari ikipita na kukubali chochote kinachotokea. Akitabiri 50 akaona 80, lazima ajiulize.

Data za mazoezi nazo zisisafishwe mno. Mwachie safu ya umri ambamo wasiojibu wameandikiwa 999, akute wastani wa umri ni miaka 140, arudi kutafuta kosa. Kwenye tasnifu yake hakuna atakayemsafishia.

Maswali ya kuchagua jibu yanafaa kwa hesabu, ila kwa tafsiri yanadanganya, maana mwanafunzi hujifunza kutambua sentensi sahihi bila kuweza kuiunda. Mwambie aeleze matokeo kwa sentensi mbili zake mwenyewe. Kompyuta isahihishe namba. Sentensi hizo azisome mwalimu, kwa sababu humo ndimo lile kosa la asilimia 95 hujitokeza tena.